Naftali Temu: Dhahabu ya Kwanza ya Kenya na Dhana ya Mkimbiaji wa Kuzaliwa

UTANGULIZI

Tabaka inapotajwa, fikra za wengi hukimbilia jiwe. Mji huu mdogo wa Mugirango Kusini, katika Kaunti ya Kisii, umejipatia sifa kote duniani kwa jiwe laini linalochimbwa katika vilima vyake na kuchongwa vinyago, bakuli na sahani. Jiwe hilo hutoka ardhini likiwa bonge lisilo sura. Wanaume hulichimba na kulichonga. Aghalabu wanawake ndio hulitia maji na kulisugua kwa msasa hadi likang'aa. Mtalii anayekinunua kinyago hicho katika soko la Nairobi husifu uzuri wa jiwe. Ni nadra kumsikia akizisifu siku ambazo mkono wa binadamu ulizitumia juu ya jiwe hilo.

Nchi ya Gusii ina sifa nyingine, nayo ni mbio. Katika vilima vya Kisii na Nyamira walitoka Nyandika Maiyoro, Arere Anentia, Charles Asati, Hezekiah Nyamau, Robert Ouko na Yobes Ondieki. Miongoni mwa wana hao wa Gusii yupo mmoja aliyetenda jambo ambalo hakuna Mkenya mwingine aliyekuwa amelitenda kabla yake. Huyo ni Naftali Temu, mtu wa kwanza kuiletea Kenya nishani ya dhahabu ya Michezo ya Olimpiki. Hata hivyo, yaliyolipata jiwe la Tabaka yalimpata yeye pia: ardhi ilisifiwa, mkono ukasahauliwa. Ilisemwa kwamba alishinda kwa kuwa alizaliwa mlimani. Kwamba hewa nyembamba ya Jiji la Mexico ilikuwa sawa na hewa ya nyumbani kwao. Kwamba mbio zilikuwa katika damu yake.

Makala haya yanayasimulia maisha ya Temu kwa nia ya kuichunguza dhana hiyo. Dhana ya mkimbiaji wa kuzaliwa huonekana kuwa ni sifa, ilhali humnyang'anya mshindi haki ya jasho lake. Isitoshe, humwacha kijana wa leo bila njia ya kufuata, kwani jambo la kuzaliwa nalo haliwezi kufundishwa wala kuigwa.

MAZINGIRA NA MALEZI

Naftali Temu alizaliwa tarehe 20 Aprili 1945 huko Nyamira, eneo ambalo leo ni kaunti inayojitegemea. Nchi hiyo ni ya vilima na mabonde yasiyokwisha. Mji wa Kisii wenyewe uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kadiri mtu anavyoelekea Nyamira na Borabu ndivyo ardhi inavyozidi kupanda. Mvua ni nyingi, udongo ni mwekundu wenye rutuba, na mashamba ya wimbi, mahindi na ndizi hukwea miteremko hadi juu ya vilima. Mtoto aliyelelewa huko katika miaka ya 1940 na 1950 hakuwa na safari ya tambarare. Maji yalitekwa bondeni na nyumba zilikuwa mlimani. Shule ilikuwa ng'ambo ya kilima kimoja au viwili, na ng'ombe walifuatwa walikokwenda.

Haikosi malezi ya aina hiyo humjenga mtoto miguu na mapafu. Wataalamu wa siha wameeleza kwamba mwili unaoishi penye hewa haba huzalisha chembe nyekundu nyingi zaidi za damu, nazo ndizo zinazobeba oksijeni hadi kwenye misuli. Kwa hiyo haitakuwa haki kukana kwamba vilima vilichangia. Swali ni moja tu: je, vilitosha? Maelfu ya watoto walichota maji katika mabonde yale yale na kuikwea miteremko ile ile. Mmoja tu ndiye aliyerudi na dhahabu mwaka wa 1968. Lazima pawepo kitu kingine.

Sehemu moja ya kitu hicho ni mfano mwema. Mtoto aliyekulia Gusii enzi hizo alikua akilisikia jina la Nyandika Maiyoro. Husimuliwa kwamba mwaka wa 1953, Nyandika alipokwenda kushindana Madagaska, mbio zilianza kabla hajawa tayari. Wenzake walikuwa wametangulia sana, naye akawaandama na kuwapita wote. Mwaka uliofuata, huko Vancouver, Kanada, alishika nafasi ya nne katika mbio za maili tatu kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Melbourne mwaka wa 1956, akawa wa saba katika mbio za mita 5,000, na miaka minne baadaye mjini Roma akawa wa sita. Naye Arere Anentia alipata nishani ya shaba katika mbio za maili sita mjini Cardiff mwaka wa 1958. Watu hawa hawakuwa hekaya. Walikuwa majirani walioonekana njiani na sokoni, na kuonekana kwao kulimpa kijana wa Kigusii ushahidi kwamba mtu wa kwao aweza kusimama sako kwa bako na mabingwa wa dunia.

Sehemu ya pili ni mpango. Chama cha Riadha cha Kenya kilianzishwa mwaka wa 1951, wakati wa utawala wa kikoloni. Mashindano yalipangwa ngazi kwa ngazi, tangu shuleni na mtaani hadi wilayani, mkoani na hatimaye taifani. Wakoloni walikuwa na malengo yao katika kuyaandaa mashindano hayo, na si malengo yote yalikuwa ya kumfaa Mwafrika. Lakini ngazi ni ngazi. Aliyekuwa na nia aliikwea.

KUTOKA NYAMIRA HADI TOKYO

Temu alikuwa miongoni mwa vijana wa kizazi kilichobaleghe wakati taifa nalo lilikuwa likibaleghe. Kenya ilijipatia uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Kwa vijana wengi wa wakati huo waliokuwa na miguu mepesi, jeshi lilikuwa makao ya mchezo wa riadha, naye Temu alikuwa mwanajeshi. Faida ya jeshi kwa mwanariadha haikuwa bunduki wala gwaride. Jeshini mlikuwa na chakula cha uhakika, saa maalumu ya mazoezi, wenzi wa kukimbia nao kila alfajiri, na mashindano ya mara kwa mara. Kijana aliyezoea kukimbia kwa sababu amechelewa sasa alifundishwa kukimbia kwa ratiba.

Mwezi wa Oktoba 1964, kabla mwaka mmoja wa uhuru haujatimia, Kenya ilituma wanariadha wake Tokyo, Japani. Hiyo ilikuwa Olimpiki ya kwanza kwa nchi hii ikiwa taifa huru. Wilson Kiprugut alijipatia shaba katika mbio za mita 800, nishani ya kwanza kabisa ya Olimpiki kwa Kenya. Temu, aliyekuwa na umri wa miaka 19, alijitosa katika mbio za marathoni, masafa ya zaidi ya kilomita 42. Ushindi ulikwenda kwa Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyetumia saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Temu alimaliza akiwa wa 49.

Msomaji hana budi kutua kidogo katika nambari hii ya 49. Kijana huyu wa Tokyo alikuwa na damu ile ile, mapafu yale yale na vilima vile vile ambavyo baadaye vilitajwa kuwa siri ya ushindi wake. Kama ushindi ungekuwa zao la kuzaliwa, ungalionekana Tokyo. Kilichoonekana Tokyo ni kijana mwenye nguvu ambaye hakuwa bado amejifunza kuigawa nguvu yake. Mbio ndefu ni kama akiba ya nafaka katika mwaka wa njaa: anayeimaliza mapema hulala njaa kabla ya mavuno, hata kama ghala lake lilikuwa kubwa kuliko la jirani.

KINGSTON, 1966: USHINDI KANDO YA BAHARI

Miaka miwili baadaye, Agosti 1966, mataifa ya Jumuiya ya Madola yalikutana Kingston, Jamaika. Mtu aliyeogopwa zaidi katika mbio ndefu wakati huo alikuwa Ron Clarke wa Australia, aliyeshikilia rekodi za dunia za maili sita na za mita 10,000. Mwaka wa 1965 Clarke alikuwa amevunja rekodi moja baada ya nyingine, na mtindo wake ulijulikana: alishika uongozi mapema, akaongeza kasi, na wapinzani wakadondoka nyuma mmojammoja.

Katika mbio za maili sita, ambazo ni karibu kilomita 10, Temu alikataa kudondoka. Aliivumilia kasi ya Clarke mzunguko baada ya mzunguko, kisha akamwacha na kushinda kwa muda wa dakika 27 na sekunde 14.6. Bingwa wa rekodi za dunia alitosheka na fedha. Katika michezo hiyo hiyo Kipchoge Keino alishinda mbio za maili moja na za maili tatu. Kwa hivyo maili moja, tatu na sita, zote zilikuwa za Kenya.

Ushindi huu ndio ufunguo wa hoja ya makala haya, japo mara nyingi hutajwa kwa kupitiwa tu. Kingston ni mji wa bandari. Uko pwani, penye joto na unyevu, na hewa yake ni nzito kama ya Mombasa. Hapakuwa na mlima wa kumsaidia mwana wa Nyamira wala hewa nyembamba ya kumdhoofisha Mwaustralia. Ikiwa kuna aliyestahili kulalamika kuhusu hali ya hewa, alikuwa ni Temu. Naye alishinda. Miaka miwili ya kujinoa ilikuwa imemtoa katika nafasi ya 49 na kumweka mbele ya mtu aliyehesabiwa kuwa hodari kuliko wote duniani.

MEXICO, 1968: MITA CHACHE ZA MWISHO

Olimpiki ya 1968 ilifanyika katika Jiji la Mexico, lililo takriban mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Ubishi ulianza muda mrefu kabla ya michezo yenyewe. Wengi walihofu kwamba wanariadha wa nchi tambarare wangedhurika katika mbio ndefu, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Lakini ubishi huo ulipanda mbegu ya maelezo ambayo yangetumiwa baadaye kuupunguza ushindi wa Waafrika.

Fainali ya mita 10,000 ilikimbiwa tarehe 13 Oktoba 1968. Mizunguko ilikuwa 25. Mwanzo wake ulikuwa wa polepole, kwa kuwa kila mmoja aliiogopa hewa ile. Keino, Clarke, Mamo Wolde wa Ethiopia na Mohammed Gammoudi wa Tunisia wote walikuwamo. Temu hakuwa na haraka. Alibaki miongoni mwa walio mbele pasi na kujitokeza sana, akiihifadhi nguvu ambayo Tokyo aliitapanya.

Mizunguko ilipokaribia kwisha, kasi ilipanda na kundi likapukutika. Keino, aliyekuwa akisumbuliwa na maumivu makali ya tumbo, alishindwa kuendelea na kuanguka. Clarke naye aliachwa; alimaliza akiwa wa sita, akazimia na ikabidi apewe oksijeni. Walibaki Waafrika watatu. Katika mzunguko wa mwisho Wolde alichomoka na kushika uongozi, na kwa muda ilionekana kwamba dhahabu ingekwenda Ethiopia kama ilivyokwenda katika marathoni za Roma na Tokyo. Temu hakuparamia pengo hilo kwa pupa. Alilipunguza hatua kwa hatua hadi katika sehemu ya mwisho iliyonyooka, akamfikia Wolde na kumpita zikiwa zimebaki mita chache tu. Muda wake ulikuwa dakika 29 na sekunde 27.4, Wolde alitumia dakika 29 na sekunde 28.0. Gammoudi alikuwa wa tatu. Baada ya kilomita 10 za jasho, tofauti kati ya dhahabu na fedha ilikuwa sehemu sita za sekunde moja.

Muda huo ulikuwa wa taratibu kuliko wa mshindi yeyote wa mbio hizo katika Olimpiki tangu mwaka wa 1948. Wapo waliolitumia jambo hilo kuudharau ushindi wenyewe. Lakini mbio za fainali hazishindanishi watu na saa; hushindanisha watu na watu. Tena, Wolde alikuwa mtu wa nyanda za juu za Ethiopia, zisizopungukiwa kimo na vilima vya Gusii. Kama mlima ndio uliokuwa ukishinda, kwa nini mlima wa Nyamira ukaushinda mlima wa Ethiopia kwa sehemu sita za sekunde? Jibu halimo katika hewa. Limo katika uamuzi wa mtu mmoja kuhusu saa ya kusubiri na saa ya kuondoka.

Siku nne baadaye Temu alirudi uwanjani kwa fainali ya mita 5,000. Gammoudi alishinda, Keino akawa wa pili na Temu wa tatu. Kwa mara ya pili katika juma moja, jukwaa zima la washindi lilikuwa la Waafrika. Tarehe 20 Oktoba Temu alijaribu tena marathoni, mbio zake za tatu ngumu katika siku nane. Safari hii mwili ulikataa. Alimaliza akiwa wa 19, naye Wolde akajifuta machozi kwa dhahabu. Nafasi hii ya 19, iliyopatikana katika hewa ile ile nyembamba, ni ushahidi mwingine kwamba mlima pekee haumbebi mtu hadi kwenye utepe.

Kenya ilirejea nyumbani na nishani 9: dhahabu 3, fedha 4 na shaba 2. Dhahabu za Amos Biwott katika mbio za kuruka viunzi na maji na ya Keino katika mita 1,500 zilikuja baada ya ile ya Temu. Mlango ulifunguliwa na mwana wa Nyamira.

BAADA YA DHAHABU

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini Temu hakupata hata nafasi ya kulewa sifa. Enzi hizo riadha ya kimataifa ilifuata kanuni za uridhaa. Mwanariadha hakuruhusiwa kupokea malipo kwa ajili ya kukimbia, na aliyepokea alifungiwa nje ya mashindano. Shirikisho la riadha duniani lililegeza kamba hiyo kwa mara ya kwanza mwaka wa 1982, lilipokubali mwanariadha awekewe fedha katika mifuko maalumu. Kufikia hapo Temu alikuwa amestaafu zamani. Dhahabu yake ilikuwa heshima, haikuwa mali.

Serikali ya Rais Jomo Kenyatta ilimtuza shamba, na huko ndiko alikoyaendeleza maisha ya mkulima baada ya viwanja kumtoka. Alishiriki tena katika Olimpiki ya Munich mwaka wa 1972, lakini hakufuzu kwa fainali ya mita 10,000. Dhahabu ya mbio hizo ilitwaliwa na Lasse Virén wa Ufini, aliyeanguka katikati ya mbio, akainuka na kuvunja rekodi ya dunia. Nchi ya Gusii haikuondoka Munich mikono mitupu: katika kikosi cha Kenya kilichoshinda mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne, Asati, Nyamau na Ouko walikuwa wana wa Gusii, na wa nne alikuwa Julius Sang.

Baada ya hapo jina la Temu lilianza kufifia. Keino, aliyeshinda dhahabu mbili katika Olimpiki mbili na aliyedumu kuwa kiongozi wa michezo kwa miaka mingi, alikuwa ndiye sura ya riadha ya Kenya, na kwa haki. Uwanja mkuu wa Eldoret una jina lake hadi leo. Lakini katika kumkumbuka mmoja, wengi walimsahau aliyetangulia. Hata leo, ukimuuliza mwanafunzi wa shule ya upili ni nani aliyeiletea Kenya dhahabu ya kwanza ya Olimpiki, aghalabu utatajiwa jina la Keino.

Naftali Temu alifariki dunia tarehe 10 Machi 2003 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, kwa maradhi ya saratani ya tezi ya kibofu. Alikuwa na umri wa miaka 57.

TEMU NA KIJANA WA LEO

Ushahidi mkubwa dhidi ya dhana ya mkimbiaji wa kuzaliwa ulijitokeza baada ya Temu mwenyewe kutoka uwanjani. Tangu 1968, vilima havijahama. Kenya imetoa wakimbiaji wengi mno wa masafa marefu. Richard Chelimo alipata fedha ya mita 10,000 Barcelona mwaka wa 1992. Paul Tergat alipata fedha Atlanta mwaka wa 1996, na tena Sydney mwaka wa 2000, aliposhindwa na Haile Gebrselassie kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Paul Tanui alipata fedha Rio mwaka wa 2016. Yobes Ondieki, mwana mwingine wa Gusii, alikuwa mtu wa kwanza duniani kukimbia mita 10,000 kwa chini ya dakika 27, alipotumia dakika 26 na sekunde 58.38 mjini Oslo tarehe 10 Julai 1993. Pamoja na hayo yote, hadi kufikia Olimpiki ya Paris ya mwaka wa 2024, hakuna mwanamume mwingine wa Kenya aliyewahi kuitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 10,000. Mkenya wa pili kuishinda mbio hiyo ni mwanamke, Beatrice Chebet, aliyefanya hivyo Paris miaka 56 baada ya Temu. Kama ushindi ungekuwa ukiota mlimani kama nyasi, usingalihitaji miaka 56 kuchipuka tena.

Funzo hili linamhusu kijana wa Tabaka, awe anakimbia au hakimbii. Leo mpira wa miguu ndio unaowavuta wengi zaidi. Timu ya Shabana ya Kisii iliporudi katika Ligi Kuu ya Kenya mwaka wa 2023, baada ya miaka mingi nje, nchi nzima ya Gusii ilisherehekea. Hakuna ubaya kwa hilo. Lakini mchezaji wa kandanda naye huhitaji pumzi ya dakika 90, na pumzi hiyo hainunuliwi dukani pamoja na viatu. Hujengwa kwa njia ile ile iliyomtoa Temu katika nafasi ya 49: kukimbia taratibu kwa muda mrefu ili moyo uzoee, kuongeza kasi kwa vipindi, kupumzika ili misuli ijijenge upya, na kurudia hayo wiki hadi wiki. Anayekurupuka siku moja na kujichosha kupita kiasi huishia kuumia, kisha hudai kwamba michezo haikuwa riziki yake.

Vijana wengi huacha mazoezi mapema kwa sababu wameaminishwa kwamba kipaji ama unacho ama huna. Anayeshindwa katika mashindano ya kwanza ya shule hujihukumu kuwa hakuzaliwa kwa kazi hiyo. Wasichana hasa huambiwa hivyo, kisha hurudishwa jikoni. Maisha ya Temu yanaikanusha hukumu hiyo. Bingwa wa kwanza wa Kenya alianza kwa kushindwa na watu 48 mbele ya dunia nzima. Si kila anayefanya mazoezi atapata nishani, lakini kila anayefanya mazoezi hupata moyo wenye afya, usingizi mzuri na nidhamu ya kugawa nguvu zake. Hizo ni nishani ambazo hakuna anayeweza kumpokonya.

HITIMISHO

Maisha ya Naftali Temu yana mambo mawili yanayostahili kuhifadhiwa. La kwanza ni tukio lenyewe: kwamba tarehe 13 Oktoba 1968 mwana wa Nyamira aliifungulia Kenya mlango wa dhahabu. La pili, na lililo muhimu zaidi, ni jinsi tukio hilo lilivyopatikana. Tokyo ilimwonyesha upungufu wake, Kingston ikathibitisha kwamba upungufu unaweza kurekebishwa hata kando ya bahari, na Mexico ikamlipa subira yake kwa sehemu sita za sekunde.

Fasihi ya Kiswahili ina hazina kubwa ya tenzi na tawasifu za mashujaa wa vita, wa dini na wa siasa. Mashujaa wa viwanjani bado wana nafasi finyu mno katika maandishi ya lugha hii, na habari zao nyingi husomwa katika lugha za kigeni, zikiwa zimebeba dhana za wageni kuhusu damu na milima. Mwanafunzi wa Kiswahili anao wajibu wa kuyaandika maisha haya upya kwa jicho la mwenyeji, anayejua kwamba kilima humchosha aliyezaliwa juu yake kama kinavyomchosha mgeni. Wahenga walisema kwamba papo kwa papo kamba hukata jiwe. Wachongaji wa Tabaka wanalijua hilo kwa mikono yao, na Temu alilijua kwa miguu yake.